Ngoma Saba, Ngozi Tano

Ukurasa wa kwanza wa daftari niliandika kwa wino mwekundu:
ngoma saba, ngozi tano,
mikwiro jozi nne, na mmoja usio na mwenzake,
fedha taslimu elfu kumi na mbili na mia tatu,
na hiyo mia tatu ni ya Hizza, anaidai.

Mhina alipiga bendi ya Magereza miaka kumi na tisa.
Alistaafu na filimbi, goti bovu,
na neno moja: "Tena."
Sisi tulidhani ngoma ni mikono.
Akatupanga Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
akasema, tembeeni.
Mkono ukajua, mguu ukasahau;
mguu ulipokumbuka, mkono ulikwishafika kona.
"Tena."

Ngoma ya watoto haikeshi, alisema fundi saa,
wala hakushusha sauti.
Jirani akatoka na kichanga chake,
akakinyanyua mbele yetu kama hati ya mahakama.
Tukahamia Tangamano; kuna mpira.
Tukahamia nyuma ya stesheni, reli zilikoota nyasi;
mlinzi akataka barua,
barua ikataka muhuri,
muhuri ukataka soda.

Masika ilikaa wiki tatu, ngozi zikalegea, kisha zikachanika.
Ngoma ikivuma sana hupasuka.
Yetu ilipasuka haijavuma hata kufika Chumbageni.
Ngozi ya dukani ni bei ya mbuzi mzima,
na mbuzi angalau ana nyama.
Ndipo Semkiwa, anayefagia Bombo,
akaja na bahasha ya picha za eksirei zilizotupwa.
Tukazikata duara, tukazikaza kwa spoki za baiskeli.
Zikalia kavu, kali,
kama mvua ya kwanza juu ya bati jipya.
Jua likipiga kwa upande, unaona mbavu.
Mbavu za nani, hatujui.
Tabia amempa jina, Mjomba,
na kabla hajaanza humgonga mara mbili, taratibu:
hodi.

Waja leo, waondoka leo. Watu huutania hivyo mji wetu;
mimi nimeyaandika kwa kalamu.
Julai, ishirini na sita.
Agosti, kumi na watano.
Mmoja kapata kazi ya saruji Pongwe,
mmoja kapata mchumba asiyependa kelele,
wawili wameondoka na ngoma moja,
nami nimeandika "imeazimwa"
ili nisiandike neno jingine.

Mwenyekiti akataka sare za buluu.
Shemeji yake ana jora la buluu.
Mwamba ngoma huvutia kwake, nikamwambia,
akaniuliza kama mimi nina jora.
Tukavaa buluu.

Mkwakwani, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba.
Kanuni ya nne: kikosi kisipungue ngoma kumi na mbili.
Sita zetu, tano za skauti.
Hesabu hiyo niliifanya mara tatu, ikakataa kukua.
Tabia akampa Hizza Mjomba,
yeye akabeba mzinga mtupu, hauna ngozi,
tumeuvika mabaki ya buluu.
Dakika saba alipiga hewa,
mikwiro ikikoma unywele mmoja juu ya kitambaa,
kushoto, kulia, bila kukosa pigo,
jasho likimtiririka sawasawa na wenzake.
Nilikuwa jukwaani na daftari.
Nakiri: nilimsikia.

Tulikuwa wa nane kati ya nane.
Walitukata alama kwa mstari uliopinda,
kwa dakika zilizozidi,
kwa buluu iliyochuja shingoni.
Lakini kwenye safu ya ngoma, kwa mwandiko wa jaji,
palikuwa na kumi na mbili.

Tunadaiwa ngozi moja ya skauti, nauli, na nusu ya jora.
Jumapili saa kumi, nyuma ya stesheni.
Kila mtu aje na maji yake.
Hizza bado anadai mia tatu.